Swali Alilokuja Nalo Mama Yake

Siku Fundi alipokuja kubadilisha taa ya darubini bila kunitazama usoni, nilijua kuna jambo.

Tulikuwa tumependana mwaka mmoja na miezi minne, na muda wote huo hakuwahi kuingia maabara yetu bila kusimama kwanza mlangoni, kuvua kofia yake na kuniangalia mpaka nicheke. Asubuhi ile ya Ijumaa aliingia moja kwa moja, akaweka sanduku la vifaa chini, akainama nyuma ya mashine kama mtu anayejificha mvua.

"Umeamkaje?" nilimwuliza.

"Salama tu."

"Na mama hajambo?"

Bisibisi ilimponyoka ikaanguka sakafuni. Nikasema moyoni, kumbe ni mama.

Nieleze kidogo nilivyompata mwanamume huyu, maana mpaka leo nashukuru kwa upepo wa kiyoyozi.

Kazi yangu ni kuangalia namna seli za ubongo zinavyoungana. Ubongo wa kiumbe mchanga unapokua, kila seli hutoa vijimkono vyembamba kuliko unywele, vikaenda vikipapasa hadi vikutane na seli nyingine. Pale zinapogusana, protini za upande huu na za upande ule hushikana, na hapo huzaliwa sinapsi, yaani kile kiungo ambacho kwacho seli moja hupitisha habari kwenda kwa mwenzake. Mimi nachunguza protini moja tu kati ya hizo. Ina jina refu la kitaalamu, lakini sisi maabara tumeibatiza Kishikizo. Seli zikikosa Kishikizo kizima huungana vizuri tu siku za mwanzo. Ikifika siku ya kumi na nne, nusu ya viungo vimeachia.

Mwaka tuliokutana picha zangu za siku ya kumi na nne zilikuwa zinatetemeka. Wiki tatu nilipoteza, visahani baada ya visahani vya seli. Profesa, mkuu wa maabara, akasema mashine imezeeka. Ndipo akaletwa fundi wa darubini. Hakufungua hata skrubu moja. Aliweka kiganja juu ya meza akakaa kimya karibu saa nzima, mimi nikimtazama na kudhani nimeletewa mganga. Kisha akasema, "Darubini yako haiumwi. Inapigwa na upepo." Akanionyesha kiyoyozi kilichokuwa juu yetu, akakata ubavu wa boksi, akakinga. Picha ikatulia kama maji ya mtungi.

Nilijiambia, mtu anayeweza kukaa saa nzima akisikiliza kinachomsumbua mwenzake, hata kama mwenzake ni chuma, si mtu wa kuachwa aende zake. Nikamkaribisha chai. Toka hapo maabara nzima wakamwita Fundi, na mimi wakaniita Mke wa Fundi hata kabla hajanitongoza.

Sasa Ijumaa hiyo alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele yangu, taa mpya mkononi, akitazama viatu vyake.

"Sema tu," nilimwambia.

"Binamu yangu yuko mapokezi kwenye ile kliniki ya watoto. Amemwona dada yako na Chiriku. Akamwambia mama."

Chiriku ni binti wa dada yangu. Tulimpa jina hilo alipokuwa na miezi kumi, alivyokuwa akipiga kelele kutwa nzima, ba-ba-ba, da-da-da, hata wageni wakashindwa kuongea. Alipofika mwaka na nusu sauti ile ikapungua, ikapungua, hadi ikakoma. Kisha kikaja kifafa. Sasa ana miaka sita, na bado hajatamka neno.

"Mama anasema tusubiri kidogo," Fundi aliendelea. "Anaogopa. Anasema haya mambo huwa ya damu."

"Amesema lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu unakuja hapa, unakula chakula changu cha mchana, unacheka na mimi, na kwenu nimeshakataliwa?"

"Hujakataliwa. Amesema tusubiri."

"Tusubiri nini, damu yangu ibadilike?"

Alifumba macho. "Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia isiyouma. Sikuipata."

Kabati la joto, zilimokuwa seli zangu, lilikuwa likinguruma taratibu kama kawaida yake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe uliwahi kupimwa?"

"Nilipimwa."

"Ikawaje?"

Jibu lilikuwa kwenye droo, hatua mbili kutoka alipokaa. Madaktari walipogundua kwamba chembe ya urithi inayotengeneza Kishikizo cha Chiriku ina kosa, sote tulitoa damu, na ndipo nilipoanza kuichunguza protini hiyo. Mimi sikuwa na kosa lile. Ningesema neno moja, "Sina," yakaisha palepale. Neno lilifika hadi kwenye ulimi. Halafu nikamwona Chiriku anavyolala akiwa ameshika sikio langu, nikalimeza.

"Sitakujibu," nilisema.

"Kwa nini, mpenzi?"

"Nikikwambia sina, nitakuwa nimesema mimi si kama yeye. Nitaingia kwenu kwa kumkana mtoto wa dada yangu. Na nikikwambia ninalo, utafanyaje?"

Aliigeuza taa mikononi, akaigeuza tena. Niliona kitu kikipita usoni pake, kama mtu anayefika mwisho wa hesabu ndefu.

"Nitakuoa," alisema. "Hilo niliamua kabla ya kuuliza. Swali nililiuliza kwa ajili ya mama."

"Basi usinibebee maneno ya mama. Mlete aseme mwenyewe."

"Unamjua mama yangu, wewe? Akianza kukuhoji unaweza kukiri hata ambalo hukulifanya."

"Mlete hivyohivyo."

Alitikisa kichwa, kisha akaitazama taa aliyoishika. "Hii imeharibika tayari. Haitakiwi kuguswa kwa vidole, inapasuka ikipata moto."

"Nimeona ulivyoishika."

"Ukaninyamazia?"

"Nilikuwa nimekukasirikia."

Akacheka, cheko la kwanza la kweli baada ya wiki tatu, na mimi nikacheka ingawa hasira haikuwa imeisha. Alinishika mkono kidogo, vidole vyake vikinuka mafuta ya mashine, akaenda kutafuta taa nyingine.

Mama yake alikuja Jumanne, saa nne asubuhi.

Alikuwa mwanamke mwembamba, aliyesimama wima, fundi cherehani aliyeshona sare za shule maisha yake yote. Kwenye ukosi wa gauni lake kulikuwa na pini tatu, bila shaka alizisahau hapo tangu alfajiri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kiti. Fundi alitaka kuingia pamoja naye.

"Wewe kaa huko nje," mama alimwambia. "Huyu hatanila."

Mlango ulipofungwa akanigeukia. "Mwanangu ananiambia unapenda mtu aseme mwenyewe. Haya, nimekuja kusema mwenyewe. Damu yenu ina nini?"

Nilifurahi kwamba ameuliza wazi. Kuna watu wangemaliza mwaka mzima wakinitabasamia.

"Mama, naomba nikuonyeshe kwanza kazi yangu. Ukimaliza kuona, uliza tena, nitakujibu."

Nilimpeleka kwenye chumba cha darubini, nikazima taa, picha ikatokea kwenye kompyuta. Seli mbili za panya zilikuwa zimenyoosheana vijimkono, na kandokando yake vidoa vidogo vinang'aa.

"Kijani ni upande wa seli inayosema," nilimweleza. "Nyekundu ni upande wa inayosikia. Ukiona njano, ujue zimekutana."

Alisogea karibu, akaanza kuhesabu vile vya njano kwa kidole bila kugusa kioo. Alihesabu sana. Kisha nikamwekea picha ya pili, ya seli zisizo na Kishikizo.

"Hizi nazo zina siku ngapi?"

"Kumi na nne, sawa na zile."

"Zimeachia."

"Ndiyo, mama. Ziliungana, kisha zikaachia."

"Mshono umeshonwa, ila mwishoni uzi haukufungwa fundo," alisema. "Nguo ya hivyo ukiivaa siku mbili tatu, inafumuka."

"Mama, mwaka wa tatu huu natafuta namna ya kulieleza hilo kwa watu. Nitaliiba."

"Iba," alisema, na nikaona pembe ya mdomo wake ikicheza. Lakini hakuchelewa kurudi kwenye lake. "Na mama wa mtoto? Alipokuwa mjamzito alikula nini? Alinyanyua vitu vizito? Alikasirika sana?"

"Hapana."

"Kuna kitu alikosea."

"Hakukosea kitu, mama. Mtoto anapoanza kuumbika, maelekezo ya mwili hunakiliwa upya, herufi mabilioni. Kwa Chiriku, herufi moja ilinakiliwa vibaya. Baba yake hana kosa hilo, mama yake hana. Lilianza na mtoto mwenyewe."

"Unasema hivyo kwa kuwa ni dada yako."

"Nasema hivyo kwa kuwa nimeliona kwa macho yangu."

Aligeuka kutoka kwenye picha. Kisha akanitazama kwa lile jicho la mtu anayejua kuona mshono uliopinda kutoka upande wa pili wa chumba. "Kama mama yake mzazi hana, basi na wewe huna."

Nikagundua kwamba nimesema lile nililoapa sitalisema. Niliona aibu, kisha nikaona hakuna haja ya kuzungukazunguka.

"Sina, mama. Lakini sikutaka unipokee kwa ajili hiyo. Kwetu sisi hatuishi na karatasi ya daktari, tunaishi na Chiriku. Atakuwa kwenye harusi yangu. Atalala kwangu siku dada akichoka. Njoo umwone. Ukiona unaweza kukaa naye meza moja, ndipo uniite mwanao."

"Mkaidi wewe."

"Ndiyo, mama."

"Jumapili?"

"Jumapili mchana."

Alijifunga mtandio vizuri, akafika mlangoni, akasimama na mkono kwenye kitasa. Hakugeuka aliponiuliza, "Yule dada yako. Kweli hakukosea popote?"

"Popote, mama."

Nilidhani bado anatafuta doa kwetu. Nilikaa na uchungu huo hadi Jumapili, nami leo naomba radhi kwa kila nilichomfikiria.

Jumapili dada alibadilisha kitambaa cha meza mara mbili. Alikuwa na wasiwasi, na dada akiwa na wasiwasi hutania.

"Mtaalamu wa panya naye anaolewa," alisema akipanga vikombe. "Nani angesema?"

"Bado sijaolewa."

"Mama mkwe akikukataa nitamwambia huyu ndiye wa bei nafuu, wengine wote wabaya zaidi."

Chiriku alikuwa dirishani, akipanga vibanio vya nguo kwenye mstari, kimoja baada ya kingine, ncha zote zikitazama upande mmoja. Wageni walipoingia hakugeuka. Fundi alichuchumaa kando yake kama alivyozoea, akampa kibanio kimoja kutoka mfukoni. Alikipokea, akakiweka mahali pake.

Mama yake Fundi aliketi kwenye kochi akiwa amenyooka vilevile. Dada akamletea juisi. Mazungumzo yakawa ya jua na barabara na bei ya vitambaa, kila mtu akisema polepole kama anayekanyaga sakafu iliyolowa. Mama hakumwondolea macho mtoto. Mimi nilikuwa nikimtazama yeye anavyotazama.

Kisha vibanio vikaanguka.

Mimi na dada tumeliona hilo mara nyingi, na bado kila mara miguu huwa mizito sekunde ya kwanza. Kabla hatujanyanyuka, yule mama alikuwa ameshafika. Alimdaka Chiriku kabla kichwa hakijagonga sakafu, akamlaza ubavu, akavua mtandio wake, akaukunja, akauingiza chini ya kichwa. Vidole vyake vikafungua kifungo cha shingoni. Mwili mdogo ulikuwa ukitetemeka wote, na yeye hakuubana. Alimwekea kiganja begani tu.

"Nani ana saa?" aliuliza kwa utulivu.

"Mimi," Fundi alijibu, sauti ikimkatika.

"Hesabu dakika. Zikifika tano niambie. Asiwekewe kitu mdomoni." Kisha akainama sikioni kwa mtoto. "Taratibu, mama. Taratibu. Nipo hapa. Itapita, nipo hapa."

Ilipita. Dakika mbili na kitu. Chiriku akavuta pumzi ndefu, akalegea, mate yakimtoka. Mama akamfuta kwa pindo la gauni lake, akamvuta taratibu hadi kichwa kikalala kwenye paja lake pale sakafuni. Dada alikuwa amepiga magoti, dawa mkononi, haihitajiki tena. Alimtazama yule mama kama mtu anayemwona ndugu aliyepotea.

Fundi ndiye aliyesema. "Mama. Hayo umejifunzia wapi?"

Aliondoa unyasi mdogo kwenye nywele za mtoto.

"Kwa kaka yako," alisema.

"Kaka gani?"

"Wa kabla yako. Tulikwambia alikufa mchanga kwa homa. Hakuwa mchanga. Alifika miaka minne. Alikuwa hivi, kama huyu."

Fundi alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, saa bado mkononi.

"Bibi yako alisema damu yangu mbovu ndiyo imemharibu mtoto," mama aliendelea. Hakulia. Alisema kama anayesoma vipimo vya nguo. "Nikaambiwa nisimtoe nje, watu wasimwone. Nikamlea chumba cha nyuma. Kulikuwa na nesi mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa akija kwa mlango wa uani. Ndiye aliyenifundisha kumshika. Mtoto alipofariki, hawakumtaja tena, na mimi sikumtaja. Ulipozaliwa wewe, miaka minne nilikaa nakutazama ukilala, nasubiri."

Akanyanyua macho akaniangalia. "Niliposikia habari za mtoto huyu, sikumwogopa yeye, mwanangu. Niliogopa kuyasikia tena yale maneno nyumbani kwangu. Na mtu wa kwanza kuyasema nikawa mimi."

Nilitaka kusema kitu. Dada alinitangulia. Alishika mkono wa yule mama kwa mikono yake miwili.

"Miaka yote hii," alisema, "akishikwa na kifafa mbele ya wageni, wageni hutazama mlango. Sijawahi kuona mtu akimkimbilia kabla yangu. Asante, mama. Asante sana."

"Usinishukuru. Mimi ndiye niliyekuwa na deni la kumshika mtoto hadharani." Kisha akanigeukia tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Yule wangu. Ilikuwa ni hii hii, ya Kishikizo?"

Ningeweza kumpa ndiyo. Alikuwa akiitamani. Lakini mtu huyu alinijia na swali la wazi, na mimi nilimheshimu kiasi cha kutomdanganya.

"Siwezi kujua, mama. Kifafa kina njia nyingi, na sasa hatuna cha kupima. Ila kosa lolote lililompata, hukulipeleka wewe kwa kula, wala kwa kubeba, wala kwa hasira. Hilo nalijua."

"Sikukosea."

"Hukukosea."

Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama anayekubali vipimo. Machozi yalikuja baadaye, bila sauti, na hakuyafuta kwa sababu mkono mmoja ulikuwa begani kwa Chiriku na mwingine kwa dada.

Fundi alisogea kwa magoti hadi akagusana bega na mama yake. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na nane, na alionekana mtoto.

"Mlikuwa mkimwita nani?" aliuliza.

"Bwana Mkubwa," mama alisema, na kicheko kikamponyoka katikati ya machozi. "Alikuwa hataki kutembea. Anataka kubebwa tu, kutwa nzima, kama bwana mkubwa."

"Bwana Mkubwa," Fundi alirudia taratibu. Mkono wake ulikuwa umeupata wangu, sijui saa ngapi.

Ukiniuliza leo ni lini nilijua kwamba nitakuwa mke wa mtu huyu hadi uzee, sitakutajia siku ya harusi. Nitakutajia sakafu ile, sote watano chini kama watu waliomwagikiwa na kitu, juisi inapata joto mezani hakuna anayeikumbuka. Namshukuru mama mkwe wangu kwa kuja na swali lake badala ya kulituma. Namshukuru dada kwa kufungua mlango. Na Chiriku, ambaye hajui alichokifanya, namshukuru kuliko wote.

Mama alijiweka sawa, akasafisha koo. "Mama Chiriku," alimwambia dada, sasa kwa adabu ya mtu aliyetumwa rasmi, "mimi na mwanangu tumekuja kuuliza kama nyumba hii inaweza kutupokea."

Dada alipangusa uso kwa kiganja. Nilijua atatania, na nilimpenda kwa hilo.

"Mwenye nyumba ndiye huyo amelala mapajani pako, mama. Subirini aamke mumwulize."

"Mguu umeshakufa ganzi," mama alisema.

"Nikuletee mto umlaze?"

"Hapana," alijibu, akamfunika Chiriku mguu kwa pindo la gauni lake. "Mwacheni alale."